Unasihi kwa waokoaji na watu wa nyumbani kwao: mwongozo kamili, kuanzia zamu hadi sebuleni

Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, waokoaji walizungumza na watu waliokuwa chini ya kifusi kupitia matundu, wakawapitishia oksijeni, maji na glukosi humo humo. Kazi ya namna hiyo ina uchungu wake wa pekee. Umeshalijua jina la mtu, umeshamwambia hutaondoka, kisha sauti inakatika. Halafu asubuhi unapanda daladala kurudi nyumbani, na mtoto anataka hela ya daftari.

Mwongozo huu ni kwa vituo vya zimamoto, polisi, ambulensi, vikundi vya Msalaba Mwekundu na familia zinazoishi na watu hao. Msimamo wangu nauweka mapema: unasihi hauanzi kwa mnasihi. Unaanza kwa mkuu wa zamu, unaendelea kwa mtu anayefungua mlango nyumbani, na mtaalamu anakuja wa tatu. Vituo vingi hufanya kinyume. Janga likitokea anaitwa mtaalamu mmoja, anatoa mada ukumbini, soda zinanywewa, picha ya pamoja inapigwa, na mambo yanaishia hapo.

Hatua ya kwanza: andikeni nani hasa anaguswa

Ukisema waokoaji, akili inakimbilia wenye sare. Orodha yenu iende mbali zaidi. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, Novemba 6, 2022, ikiwa na watu 43, wavuvi ndio waliowahi kufika na mitumbwi yao. Watu 24 walinusurika, 19 wakafariki. Mvuvi hana kituo, hana mkuu wa zamu, hana faili la afya kazini. Asipoandikwa na mtu siku ile ile, hatafuatwa na yeyote.

Andikeni pia wazamiaji, madereva wa ambulensi (huyu husahaulika kwa sababu ni "dereva tu", wakati yeye ndiye anayesikia vilio vya nyuma yake njia nzima), wahudumu wa chumba cha maiti, bodaboda waliobeba majeruhi, na anayepokea simu za 114. Mpokea simu anasikia kila kitu asione chochote. Simu ikikatika, mara nyingi hajui mwisho wa yule mtu, na kutojua kunamtafuna kuliko kujua.

Mbele ya kila jina wekeni namba ya mtu mmoja wa nyumbani, aliyechaguliwa na mhusika mwenyewe. Msidhani lazima awe mke au mume. Kuna ambaye siri zake ziko kwa dada yake, na mwingine kwa mama mkubwa.

Hatua ya pili: andaeni kabla ya king'ora

Kila zamu iwe na wasikilizaji wenza wawili, ikiwezekana mwanamke na mwanamume. Wachaguliwe na wenzao kwa kura ya siri, si kwa cheo. Sifa kuu ni moja, kufunga mdomo. Askari akisikia jambo lake limefika kantini, mpango wote umekufa na itachukua miaka kuufufua.

Hao wafundishwe huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa utaratibu uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na washirika wake mwaka 2011, wenye mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani yuko salama na nani ameganda. Sikiliza bila kuchimba. Unganisha mtu na anachohitaji: maji, simu, ndugu, daktari. Haihitaji shahada, na wala si tiba.

Mtaalamu naye atafutwe sasa, kukiwa shwari. Anzieni hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizeni kitengo cha afya ya akili. Kwa rufaa za juu kuna Muhimbili kwa Dar es Salaam, Mirembe kwa Dodoma, Bugando kwa Mwanza, KCMC kwa Moshi, na Kidongo Chekundu kwa Unguja. Mkishampata mnasihi mmoja anayekubali, mleteni kituoni. Apande gari, avae ile kofia, abebe mtungi wa hewa mgongoni aone uzito wake, anywe chai na zamu ya usiku. Askari hamfungukii mtu anayehitaji kuelezwa kwanza maana ya kuingia ndani ya moshi.

Na familia ziitwe. Mkutano wa saa mbili Jumamosi unatosha. Waelezwe kazi ni nini, dalili zikoje, nani wa kumpigia, na kwamba kupiga simu hakutamharibia mtu kazi. Hilo la mwisho alitamke mkuu wa kituo mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya askari wake.

Hatua ya tatu: saa za kwanza baada ya tukio

Hapa ndipo pesa kidogo inafanya kazi kubwa. Watu wapate maji, chakula cha moto na mahali pa kuoga. Harufu ya moto au ya maji ya ziwa ikibaki mwilini, tukio linakwenda nyumbani pamoja na mtu. Kila mmoja apewe nafasi ya kupiga simu kwao, maana huko wameshaona video kwenye makundi ya WhatsApp na presha imepanda.

Kisha mkuu wa zamu afunge kazi kwa dakika kumi, watu wakiwa wamekaa. Asihutubie. Maneno kama haya yanatosha:

"Leo imekuwa ngumu. Kuna tuliowatoa na kuna ambao hatukuwawahi, na si kwa uzembe. Siku mbili tatu hizi usingizi unaweza kukataa, au ukajikuta mkali bila sababu. Hiyo ni kawaida, hupungua. Koplo huyu na afande yule wapo, simu zao ziko wazi usiku. Sasa niambieni, nani leo anarudi kwenye chumba ambacho hakuna mtu?"

Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Anayejibu "mimi" apewe mwenzake wa kukaa naye usiku huo kambini, au apelekwe kwa ndugu. Na asiondoke na bodaboda peke yake akiwa hajalala tangu jana.

Kosa la kuepuka ni kumlazimisha kila mtu asimulie alichoona. Utaratibu wa kuwakusanya waokoaji na kuwapitisha kwenye tukio hatua kwa hatua ulienezwa na Mmarekani Jeffrey Mitchell kuanzia mwaka 1983, naye alikuwa ametoka kwenye kazi hizo hizo za zimamoto na ambulensi. Ulipendwa sana. Utafiti uliofuata haukuonyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo kinazuia kiwewe (jeraha la akilini linalobaki baada ya tukio), na Shirika la Afya Duniani linashauri kisitumike kama kinga. Anayetaka kusema asikilizwe. Anayetaka kunyamaza, ale ugali wake anyamaze.

Hatua ya nne: usiku wa kwanza nyumbani

Hatua hii ndiyo isiyoandikwa popote, na ndiyo nzito. Mke au mume wa mwokoaji anaachiwa kazi ambayo hakufundishwa: kupokea mtu aliyetoka mahali ambapo yeye hajawahi kufika. Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni kumhoji ("Ilikuwaje? Walikufa wangapi? Na watoto walikuwepo?"). La pili ni kumwepuka kabisa, nyumba nzima ikatembea kwa ncha za vidole hadi naye akajiona mgeni.

Tazama namna hii nyingine:

"Pole na kazi, Baba Neema. Maji ya kuoga yapo tayari."

"Asante."

"Nimeona kwenye taarifa ya habari. Sitakuuliza. Ukitaka kusema nipo, ukitaka kulala pia sawa."

"Nikae hapa kidogo."

"Kaa. Nitakuwa hapa nachambua mchele."

Hapo hakuna maneno ya kitaalamu, ila yote muhimu yamo. Amejulishwa kwamba jambo linajulikana, ameachiwa uamuzi, na hakuachwa peke yake. Kazi ya mikono inasaidia, kwa sababu macho hayakutani na ukimya hauumi. Wengi huanza kusema mtu anapochambua mchele au kumenya ndizi, si wanapoketishwa kwenye kochi na kuambiwa "haya, funguka".

Akisema, usimalize sentensi zake. Usimwambie "mshukuru Mungu wewe umetoka salama". Ni kweli, lakini kwake linasikika kama amri ya kunyamaza. Usimwambie "umezoea". Mwambie unachokiona: "Naona bado uko kule kule." Kisha subiri.

Watoto waambiwe ukweli mfupi unaolingana na umri. "Baba alikuwa anasaidia watu waliopata ajali. Amechoka na ana huzuni. Si kwa sababu yenu." Mtoto asipoambiwa sababu hujitungia, na mara nyingi hujitungia kwamba yeye ndiye amekosea. Simu zenye picha za tukio zifungwe, hasa kama mzazi mwenyewe anaonekana kwenye hizo video.

Na wewe mwokoaji, una wajibu wako. Huna haja ya kumwelezea mwenza wako maiti. Mwelezee hali yako: "Leo nina kichwa kizito, nikinyamaza si wewe." Sentensi hiyo moja imezuia ugomvi mwingi.

Hatua ya tano: mwezi wa kwanza

Wengi hupata ndoto mbaya, kushtuka kwa mlio, hasira za karibu, kukosa hamu ya kula. Wapo wanaoshindwa kabisa kupita kwenye jiko la nyama choma baada ya moto ulioua watu. Baada ya lori la mafuta kulipuka Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, haikuwa ajabu mtu kukwepa harufu ya mafuta au ya nyama ikiungua. Pua ina kumbukumbu yake. Mtu asichekwe kwa hilo, wala asibebwe kwa nguvu kwenda bucha "azoee".

Katika wiki hizi mambo manne yana nafasi ya kwanza: kulala, kula, kutembea au kufanya mazoezi, na kuwa na watu. Usingizi ukigoma, amka saa ile ile kila siku hata kama ulilala vibaya, acha kahawa na mirungi mchana, na usibaki kitandani unapambana. Kumbukumbu ikikuvamia, ruhusu miguu iguse sakafu, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia. Pumua ndani kwa kuhesabu hadi nne, toa nje kwa kuhesabu hadi sita, rudia mpaka mabega yashuke. Linaonekana jambo la kitoto hadi siku utakapolihitaji ukiwa foleni ya benki.

Pombe hulaza mtu haraka lakini huvunja usingizi usiku wa manane, na ndoto zinarudi na riba. Dawa za usingizi za jamii ya valiamu zisinunuliwe duka la dawa kwa ushauri wa rafiki. Shirika la Afya Duniani halishauri zitolewe kwa mshtuko wa mwezi wa kwanza baada ya tukio, na zinazoeleka upesi.

Msikilizaji mwenza amtembelee mhusika siku chache baada ya tukio, kisha tena karibu na kutimia mwezi. Ziara ya pili ndiyo inayoachwa, kwa sababu pilikapilika zimeisha. Ni hapo hasa ndipo tofauti inapoonekana kati ya anayepona mwenyewe na anayezama.

Mpelekeni kwa mtaalamu kama dalili zimepita mwezi bila kupungua. Na msisubiri mwezi kama hawezi kufanya kazi, anakunywa kila siku, anapiga watu nyumbani, anasikia au kuona yasiyokuwepo, au anazungumzia kufa.

Hatua ya sita: ndani ya chumba cha mnasihi

Watu huogopa kwa sababu hawajui kinachotokea. Siku ya kwanza ni maswali: kazi, nyumba, usingizi, pombe, tukio kwa ufupi. Kuna uwezekano ukapewa dodoso la maswali tisa, PHQ-9, linalopima dalili za sonona (huzuni nzito isiyoondoka) kwa wiki mbili zilizopita; lipo kwa Kiswahili. Alama 10 au zaidi humfanya mtaalamu aangalie kwa karibu. Dodoso halikuhukumu kuwa mgonjwa, ni kama kipimajoto tu.

Kwa kiwewe kilichokomaa kuna tiba mbili zilizothibitishwa vizuri. Moja ni tiba ya mazungumzo inayolenga tukio lenyewe, ambapo unalirudia taratibu, mahali salama, mpaka lipungue makali, na fikra kama "ni mimi niliyemwachia mkono" zinapimwa moja moja. Nyingine hutumia miondoko ya macho wakati unakumbuka tukio, na hujulikana kwa kifupi EMDR. Zote huchukua vipindi kadhaa, na katikati mtu anaweza kuhisi amezidiwa kabla ya kupata nafuu. Nasema hili makusudi, kwa kuwa wengi hukimbia kwenye kipindi cha pili au cha tatu wakiamini wanaharibikiwa.

Muulize mnasihi maswali haya bila haya: Umesomea wapi, na umesajiliwa? Umewahi kumhudumia askari au muuguzi wa dharura? Unaandika nini, na nani anasoma? Ni lini utalazimika kuvunja siri? Jibu sahihi la swali la mwisho ni kwamba siri huvunjwa pale uhai wa mtu ulipo hatarini, mtoto anapodhuriwa, au mahakama inapoamuru. Anayekujibu "mkuu wako akiuliza nitamwambia", nyanyuka.

Kama kituo ndicho kinacholipa, mkataba uandikwe wazi: kituo kinapata idadi ya vipindi, hakipati majina wala maelezo.

Sheikh na mchungaji wana nafasi, na kubwa. Dua na maombi humrudisha mtu kwenye jamii yake. Ila nao waambiwe wasizuie dawa, na mnasihi naye asibeze dua. Wakipigiana simu, kwa ruhusa ya mhusika, mambo huenda vizuri.

Hatua ya saba: akizungumzia kufa

Muulize waziwazi: "Unawaza kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, humpa ruhusa ya kusema alilobeba. Akisema ndiyo, muulize kama amepanga namna na kama anacho cha kufanyia. Usimwache peke yake. Usimhubirie dhambi saa hiyo. Ondoa kamba, sumu ya panya, dawa za shambani, funguo za pikipiki.

Mwenye silaha ni suala la pekee. Silaha irudi ghala siku hiyo hiyo, na mkuu alipange jambo kama utaratibu wa kawaida wa afya, bila gwaride na bila kumvua mtu heshima mbele ya wenzake. Askari akiamini kwamba kusema ukweli ni kunyang'anywa bunduki hadharani, atanyamaza, na hapo ndipo familia nzima inaweza kuangamia.

Kisha mpeleke hospitali. Sheria isikufanye uchelewe: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinataja kujaribu kujiua kama kosa, na woga huo huwafanya ndugu wafiche. Kuwaza na kuomba msaada si kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha namna hiyo kinakinzana na Katiba. Aliye Kenya anaweza kupiga pia 1199, laini ya Msalaba Mwekundu isiyolipiwa.

Hatua ya nane: mwenza na watoto ni wateja, si wasaidizi tu

Mke aliyekesha miaka akisubiri mlio wa pikipiki getini ana msongo wake mwenyewe. Apewe vipindi vyake, na mnasihi mwingine kama wanandoa wanagombana, asijihisi anakwenda kuripoti kwa upande wa mumewe. Waume wa askari wanawake husahaulika zaidi. Wengi hawajawahi kuitwa hata kwenye mkutano mmoja, na mtaani hutaniwa.

Kwa watoto angalia kukojoa kitandani kulikorudi, kushuka darasani, kung'ang'ania mzazi akivaa sare, michezo ya kuzika na kuungua inayojirudia bila kuisha. Mwalimu wa malezi shuleni aambiwe mapema.

Liko jambo moja lisilo na mjadala: kiwewe kinaeleza hasira, hakihalalishi kipigo. Mwenza anayepigwa aende dawati la jinsia na watoto la polisi, na kama mpigaji yuko kituo hicho hicho, aende wilaya nyingine au kwa afisa ustawi wa jamii. Unasihi wa wanandoa pamoja usianze hadi anayepigwa awe salama.

Hatua ya tisa: kurudi kazini, na wasiorudi

Mtu arudi kwa ngazi: kazi za ofisini au ukaguzi wa majengo kwanza, kisha zamu za mchana na mwenzake anayemwamini, kisha usiku. Siku ya kwanza kwenye tukio linalofanana na lile, asiwe mstari wa mbele. Kumhamishia mtu mkoa wa mbali "akapumzike" mara nyingi ni adhabu iliyovikwa huruma, kwa kuwa kunamtenga na watu waliokuwa wanamshika mkono.

Wekeni kwenye kalenda ya kituo tarehe za matukio yenu mazito. Waliokuwepo Ukara kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka, Septemba 20, 2018, hawahitaji kukumbushwa na gazeti. Wiki hiyo ratiba iwe nyepesi kwao na msikilizaji mwenza apite kuwasalimu.

Akifa mwokoaji kazini, teueni mtu mmoja atakayesimama na familia, mwenye muda rasmi wa kazi kwa ajili hiyo. Kazi yake si maombolezo pekee. Afuatilie cheti cha kifo, mirathi mahakamani, mafao, ada za watoto za muhula unaofuata, na barua ya kuhama nyumba ya serikali ili mjane asiikute mlangoni kabla ya arobaini. Aendelee kupita baada ya matanga, walau mwaka mzima, na akihamishwa kituo amkabidhi mwenzake faili na amtambulishe kwa familia ana kwa ana.